Miaka sita kwenye usanifu wa michoro na moyo umepoa. Mliodumu, ni nini kinachowashika?

HerufiNdogo ameuliza:

Habari zenu wakuu. Nimekuwa nikisoma humu muda mrefu bila kuandika chochote. Leo imebidi.

Mimi ni dizaina, mwaka huu natimiza miaka 6 nikilipwa kwa kazi hii. Shuleni ndiye niliyekuwa nawaandikia wenzangu majina kwenye majalada ya madaftari. Naweza kusema nilikuwa nakaa na herufi moja, tuseme R, nikauchora ule mguu wake mara ishirini mpaka ukae. Sikujua kama kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Nilipojua, sikutaka tena kitu kingine.

Sasa siku yangu iko hivi. Asubuhi nafungua mashine, ujumbe umeshajaa: tangazo la mtandaoni la leo, la kesho, badilisha tarehe, ongeza namba ya simu, nembo iwe kubwa. Nikimaliza moja, saa chache baadaye limeshazama chini ya mengine na hakuna atakayeliona tena. Mwezi uliopita bango moja nililitengeneza matoleo 14. Kwenye la kwanza nilitumia siku mbili nzima, nikapanga nafasi baina ya herufi kwa mkono, moja baada ya nyingine. Wakasema halina uhai. Tukabadilisha rangi, tukabadilisha picha, tukarudisha rangi, tukafika la 14. Kisha mkubwa wao akarudi kutoka safari, akapitia yote, akachagua la kwanza. Nilitakiwa nifurahi. Nilizima mashine nikapanda kitandani saa kumi na mbili jioni.

Sina ugomvi na wateja, wengi ni watu wema. Kinachoniumiza ni kwamba sikumbuki mara ya mwisho nimechora R. Na juzi mtu ninayemheshimu kaniambia nitafute kazi nyingine mapema, kwa sababu sasa kuna programu zinazotoa mabango kwa dakika kadri utakavyo.

Naomba wenye miaka mingi mniambie ukweli. Hamu iliwahi kuwaishia? Ilirudi? Na kazi nilizonazo za kuonyesha watu ni matangazo yanayofanana yote, sijui hata nianzie wapi kuzipanga.

---

GridiMbili amejibu:

Pole sana ndugu. Mimi nitagusa yale matoleo 14 tu, mengine watakuja wenye uzoefu zaidi.

Kabla hujafungua programu yoyote, andika nusu ukurasa: bango hili linamwambia nani, afanye nini, lini, na nani mwenye kauli ya mwisho. Mpelekee mteja asome akubali. Hapo kwenye kauli ya mwisho ndipo ulipoumia. Ulifanya kazi wiki nzima na watu wasio na uamuzi, mwenye uamuzi yuko safarini. Na kwenye makubaliano andika awamu mbili za marekebisho. Ya tatu inalipiwa. Niliogopa kuandika hivyo miaka minne. Nilipoandika, hakuna mteja hata mmoja aliyeondoka.

Kuna kisa cha mwaka 1986 ninachokirudia sana. Steve Jobs alimwendea Paul Rand, aliyechora nembo ya kampuni ya kompyuta ya IBM, akitaka nembo ya kampuni yake mpya ya kompyuta, NeXT. Akamwomba amletee michoro kadhaa achague. Rand akakataa: kazi yangu ni kukutatulia tatizo, na nitalitatua, ukitaka utaitumia, usipotaka shauri yako. Akaleta nembo moja. Sisi si Rand, tukijibu hivyo tutalala njaa. Lakini watu wanaposimulia kisa hiki huishia hapo kwenye ujeuri, wanasahau kwamba nembo ile ilikuja na kitabu kizima kinachoonyesha hatua kwa hatua amefikaje pale: kwa nini neno limegawanywa mistari miwili, kwa nini e ni ndogo na nyingine kubwa, kwa nini boksi limeinama. Ukisoma unafika kwenye nembo ukiwa umeshakubali. Wewe lile toleo lako la kwanza ulilipeleka na maelezo, au ulituma picha peke yake?

---

HerufiNdogo:

Nilituma picha peke yake. Niliandika "hii hapa".

---

Kioo_cha_Mchapaji amejibu:

HerufiNdogo mwanangu, nimesoma swali lako mara mbili. Huu ni mwaka wangu wa 23 kwenye kazi hii. Hamu imeniishia mara mbili na zote nazikumbuka vizuri, kwa hiyo nisikilize.

Mara ya kwanza ni mwaka wangu wa tatu. Nilipanga kijitabu cha kurasa 48, maandishi madogo, pointi 8. Kwenye skrini yalikuwa safi kama yamechongwa. Kilipotoka mashineni maneno yote yalikuwa na ukungu, unasoma macho yanauma. Nakala 3,000. Nikaenda kiwandani nimefura, nina uhakika wameniharibia kazi. Fundi wa mashine hakubishana na mimi. Alitandaza karatasi chini ya taa, akatoa mfukoni kile kioo kidogo cha kukuzia ambacho wachapaji hawaachani nacho, akakiweka juu ya mstari mmoja, akanisogezea.

Nikainama. Kila herufi ilikuwa na vivuli: upande huu samawati, upande ule wekundu wa majenta, chini yake njano. Weusi wangu haukuwa weusi. Nilikuwa nimeuacha uchanganywe kwa rangi zote nne za uchapaji, hizo tatu na nyeusi, na kwenye ofseti, yaani mashine kubwa za kuchapa, kila rangi ina pleti yake, bamba linaloipeleka kwenye karatasi. Pleti moja ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita, picha kubwa haitaona, lakini mguu mwembamba wa herufi ndogo unatokeza rangi pembeni. Maandishi madogo hupewa wino mweusi peke yake, asilimia 100, basi. Kosa lilikuwa langu tangu kwenye faili.

Niliona aibu, kweli. Ila nilipokuwa bado nimeinama yule fundi akakisogeza kioo kwenye picha ya jalada. Picha ile nilikuwa naijua kama sura ya mtu. Chini ya kioo hapakuwa na sura. Palikuwa na vitone, safu za vitone, kila rangi imelala kwa pembe yake, vinapokutana vinatengeneza maua madogo madogo. Shavu la mtu lilikuwa bustani. Nilikaa pale mpaka wakanikumbusha kwamba wanafunga. Miaka mitatu nilikuwa natengeneza vitu nisivyojua vinazaliwaje. Hamu ilirudi siku ileile, nikaishi nayo miaka minane.

Mara ya pili ndiyo inayofanana na yako. Mwaka wa kumi na moja hivi. Kazi nyingi, jina ninalo, watu chini yangu, na kila siku ni ileile. Ikaja kazi ambayo ofisini kila mtu aliikwepa: karatasi moja ya A4 ya kubandikwa kliniki, jedwali la vipimo vya dawa ya maji kwa watoto kulingana na uzito. Haina picha. Haitaingia kwenye maonyesho yoyote. Nikaichukua kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchukua nyingine.

Nikaipamba. Fonti nyembamba ya kisasa, kijivu cha kupendeza, nafasi nyeupe kila upande. Nilijivunia. Nikaomba niipeleke mwenyewe, na nesi akaniruhusu nikae pembeni asubuhi moja.

Sijawahi kujifunza hivyo darasani. Alikuja mama na mtoto mgongoni, mtoto akapimwa, nesi akageukia karatasi yangu ukutani. Akasogea. Akasogea tena. Akaweka kidole kwenye mstari wa kilo, akakiburuta kuelekea kulia, katikati ya safari kidole kikateleza kwenye mstari wa chini. Akarudia. Alipofika kwenye kipimo akaniuliza, "Dada, hii ni tano au nusu?"

Mwanangu, ilikuwa imeandikwa .5. Ndivyo ilivyokuja kwenye maandishi niliyopewa na mimi niliinakili. Ile nukta, kwa kijivu changu cha kupendeza na fonti yangu nyembamba, ilikuwa imepotea. Kati ya nusu mililita na mililita tano ni mara kumi. Mtoto alikuwa anacheza na kamba ya begi la mama yake. Nilisikia baridi ikinipanda mgongoni.

Nilikuja kujua kwamba watu wa dawa wana kanuni ya jambo hilo: nusu huandikwa 0.5, sifuri mbele haiachwi kamwe, na 5 haiandikwi 5.0 kwa sababu nukta ikifutika inakuwa 50. Nikaing'oa karatasi palepale. Toleo la pili: wino mweusi, fonti nene kidogo, sifuri zote mbele ya nukta. Toleo la tatu nikabadilisha tarakimu. Fonti nyingi zina aina mbili za tarakimu, zile ambazo 1 ni nyembamba kuliko 8, na zile ambazo zote zina upana mmoja. Kwenye jedwali unataka za pili ili nukta zikae chini ya nukta. La nne nikapiga mstari wa kutenga kila baada ya mistari mitatu ya kilo, kidole kisipotee. La tano nikaondoa safu ya umri, maana nesi haulizi umri kwanza, anapima kwanza. Safu aliyokuwa haitumii ndiyo iliyokuwa ya kwanza kushoto, mahali penye thamani kuliko pote.

Matoleo matano. Hakuna hata moja lililonichosha, kwa sababu kila nililoliacha nilijua limekosea wapi na limemkosea nani. Angalia sasa ya kwako 14. Kati ya la tatu na la nne, kuna mtu aliyejua kwa nini mnabadilisha? Nadhani uchovu wako uko hapo. Hauko kwenye wingi wa kazi.

Baada ya kliniki nilianza kuwasoma upya wakubwa wa fani hii kwa jicho jingine. Jock Kinneir na Margaret Calvert, waliosanifu alama za barabarani za Uingereza zilizoanza kutumika rasmi mwaka 1965. Waliacha kuandika majina ya miji kwa herufi kubwa tupu, wakaweka kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata, kwa sababu neno la herufi ndogo lina umbo, lina vilima na mabonde, na dereva anayekwenda kasi analitambua umbo kabla hajasoma. Ile alama ya watoto wa shule wanaovuka, Calvert aliichora upya akamweka msichana mbele akimwongoza mvulana mdogo, na msichana alijichora mwenyewe kutoka kwenye picha yake ya utotoni. Kazi ile bado iko barabarani leo.

Na Massimo Vignelli. Ramani yake ya treni za chini ya ardhi za New York ya mwaka 1972 mimi naipenda mpaka sasa, mistari imenyooka au imepinda kwa nyuzi 45, kila njia na rangi yake, huwezi kuongeza wala kupunguza. Lakini bustani ya Central Park, ambayo kwa kweli ni ndefu na nyembamba, aliifanya mraba, tena ya kijivu. Abiria anatoka chini ya ardhi, anataka kujua yuko upande gani wa bustani, ramani inamwambia kitu kingine. Walilalamika, na mwaka 1979 ikaondolewa. Kuna madizaina watakaokwambia abiria hawakuelewa. Mimi niliwahi kusema hivyo pia, kabla ya yule nesi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kazi yako moja iliyoko nje, iliyobandikwa au inayoshikwa mkononi. Nenda ukae mahali inapotumika nusu saa. Usijitambulishe, usimwelekeze mtu. Angalia macho yanaanzia wapi, kidole kinaenda wapi, wanauliza nini. Kisha uje utuambie.

Na R yako irudishe. Mimi kila asubuhi kabla sijafungua ujumbe nachora herufi dakika 20 kwa penseli. Hakuna anayezinunua.

---

Pikseli32 amejibu:

Mama kamaliza. Naongeza kuhusu programu zinazotoa mabango.

Nazitumia, sifichi. Nazitumia kutafuta mwelekeo haraka, kama zamani tulivyokuwa tukipekua majarida. Zinatoa sura ya bango. Lakini haziwezi kukaa kliniki asubuhi moja zikasikia lile swali la tano au nusu. Anayeuza sura peke yake ana haki ya kuogopa, na ni bora aogope mapema ajifunze kuuliza.

Kuhusu kazi za kuonyesha: punguza. Weka nne, na kila moja eleza tatizo lilikuwa nini, ulijaribu nini kikashindikana, ukaishia wapi. Mwajiri akiona matangazo 40 yanayofanana anaona mikono. Akiona karatasi moja kama ile ya dawa, na matoleo yake matano yamepangwa kwa mfuatano, anaona kichwa.

Na kwa ajili ya kurudisha raha, zoezi langu ni hili. Chukua karatasi ya miraba, pima mraba wa 32 kwa 32. Hicho ndicho kiwanja alichopewa Susan Kare alipochora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984: viboksi 1,024, kila kimoja cheusi au cheupe, hakuna kijivu. Alianzia kwenye karatasi ya miraba kama hiyo, kwa kalamu. Alitoa humo pipa la taka na ile kompyuta ndogo iliyokuwa ikitabasamu mashine inapowaka. Jaribu kuchora kitu kimoja unachokijua sana, funguo au kikombe. Utagundua kiboksi kimoja kikihama pembeni kikombe kinakuwa ndoo. Usiku wa kwanza nilichora mkasi mpaka saa nane na sikuhisi usingizi.

---

HerufiNdogo amejibu baada ya siku tisa:

Shikamoo mama. Asanteni wote. Nimekwenda.

Nililichagua lilelile bango la matoleo 14, kwa sababu limebandikwa kwenye mlango wa ukumbi na watu wanapita. Nilikaa kwenye benchi ng'ambo yake dakika 50. Watu 11 walisimama. Wanne walitoa simu wakapiga picha, na nilipoangalia vizuri, wote wanne waliinama kidogo wakapiga sehemu ya chini tu, penye tarehe. Sehemu ya juu, zile herufi nilizozipanga siku mbili, walizipita.

Halafu akaja mzee mmoja, akasoma, akasogea karibu, akavua miwani akaivaa tena. Akamwuliza kijana aliyekuwa pembeni yake: "Wanaanza saa ngapi?" Kijana naye akatafuta. Akaipata mwishoni, mstari wa mwisho kabisa, chini ya anwani. Baada yake wawili wengine waliuliza swali hilohilo.

Nimerudi nyumbani nikafungua faili zote 14. Saa ya kuanza iko palepale kwenye yote. Wiki nzima tulibishana rangi ya mandharinyuma, na hakuna aliyeigusa saa. Mimi mwenyewe sikuigusa. Na toleo nililolilalia kitandani kwa uchungu nalo lilikuwa nayo mahali hapohapo.

Nilikaa nalo mpaka usiku. Sijafanya kazi kwa hamu hivyo tangu mwaka wa kwanza. Nimeandika nusu ukurasa kama alivyoshauri GridiMbili, nikamtumia mteja pamoja na yale niliyoyaona ukumbini. Amenipigia simu ndani ya saa moja, anataka lichapwe upya kwa tukio la mwezi ujao na ameuliza kama naweza kwenda kukaa kwenye kaunta yao pia, kuna fomu inayowasumbua watu.

Sasa swali langu ni dogo. Saa ya kuanza niiweke juu ya tarehe au pembeni yake? Bango ni A2, litasomwa kwa umbali wa hatua tatu au nne.

---

Kioo_cha_Mchapaji:

Marahaba mwanangu. Pembeni, mstari mmoja, ukubwa mmoja na uzito mmoja na tarehe, maana watapiga picha ya kitu kimoja. Kwa umbali huo kimo cha tarakimu kisipungue sentimita 2. Usiamini skrini: chapa kwa ukubwa wake halisi, hata kwa kuunganisha karatasi za A4 nne, bandika ukutani, rudi nyuma hatua tano, mwite mtu asiyejua lolote kuhusu tukio, umwulize wanaanza saa ngapi. Na kabla hujapeleka kiwandani ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata, na hakikisha mstari wa anwani ni mweusi mtupu.

Ile fomu ya kaunta ukiipata, tuletee ilivyo sasa kabla hujaigusa.